Ukiona ‘Go’ usikimbie: Mitego ya Kifaransa cha kompyuta

UMEPATA kazi ya kutafsiri mtandaoni. Mteja yuko Kinshasa au Paris, ametuma mwongozo wa diski ya kuhifadhi data na anautaka kwa Kiingereza kufikia kesho asubuhi. Kifaransa ulikisoma shuleni, tena hukukifanyia mchezo. Unafungua ukurasa wa kwanza: “1 To”. Wa pili: “128 Go”. Unajikuna kichwa. Hii “To” inaelekea wapi, na hii “Go” inamtuma nani?

Tulia. Wafaransa hawapimi data kwa “byte” bali kwa “octet”, yaani kifungu cha biti nane. Kwa hivyo Ko ni KB, Mo ni MB, Go ni GB na To ni TB. Ukiacha “128 Go” vivyo hivyo, msomaji wa Kiingereza atadhani ulisinzia kazini.

Mbona wasitumie neno moja na wengine? “Byte” lilibuniwa mwaka wa 1956 na Werner Buchholz wa kampuni ya IBM. Enzi hizo baiti haikuwa lazima iwe na biti nane. Kuna mashine zilizotumia sita. “Octet” haina ubishi: ni nane, kama mikono ya pweza. Isitoshe, Wafaransa wanapenda maneno yao. Mwaka wa 1955, IBM Ufaransa ilipokuwa ikitafutia mashine yake mpya jina, msomi wa Kilatini Jacques Perret aliwapa “ordinateur”. Hadi leo ndilo jina la kompyuta huko.

Sasa chunga herufi. Kwa Kiingereza, B kubwa ni baiti na b ndogo ni biti. Ukigeuza “500 Mo” kuwa “500 Mb”, umepunguza data ya mteja mara nane kwa kuteleza kidole tu.

Usitafsiri neno kwa neno pia. “Mémoire vive” si kumbukumbu iliyo hai, ni “RAM”. “Mémoire morte” haijafiwa na mtu, ni “ROM”. “Mémoire tampon” ni “buffer”. Na “support de stockage” haihusu msaada wowote: “support” hapo ni kifaa chenyewe kinachobeba data, kwa Kiingereza “storage medium”.

Nambari nazo zina visa vyake. Mfaransa huandika “1,5 To” kwa mkato, Kiingereza chataka nukta, “1.5 TB”. “Milliard” ni “billion”, lakini “billion” ya Kifaransa ni “trillion” ya Kiingereza. Hapo ukikosea, umekosea mara elfu moja.

Ila neno la kuogopwa zaidi ni “sauvegarder”. Mara nyingine ni “save”, ile ya kuhifadhi faili unayoiandika. Mara nyingine ni “back up”, kutengeneza nakala ya akiba mahali pengine. Sasa fikiria mwongozo unaosema, kwa Kifaransa, ufanye “sauvegarde” ya data zako kabla ya kufuta diski yote. Ukiandika “save your data”, mtumiaji atahifadhi faili zake kwenye diski ileile, kisha aifute. Picha za harusi, hesabu za duka, tasnifu ya miaka minne, zote kwisha! Na alifuata maagizo yako hatua kwa hatua.

Ndiyo maana kazi hii si ya kubandika kwenye programu ya kutafsiri na kungoja hela. Programu itakusaidia, sawa, lakini tengeneza orodha yako ya istilahi na uijaze kila kazi inapoingia. Kisha kabla ya kutuma, pitia nambari zote peke yake, halafu kila “sauvegarde” peke yake. Jiulize: msomaji akifanya hivi nilivyoandika, data yake itabaki? Usipokuwa na hakika, muulize mteja. Hakuna mteja wa maana atakayekasirishwa na swali kama hilo.