Makaa ya Mui Yabaki Ardhini

Husifiwa siku hizi mitambo inayonasa hewa ya ukaa viwandani na kuizika ardhini. Siipingi sayansi hiyo. Lakini katika bonde la Mui, Kitui, mimea ya kale iliuzika ukaa huo bila malipo. Ya nini kuufukua ndipo tutafute fedha za kuuzika upya? Isitoshe, mtambo wa kunasa hula sehemu ya umeme wa kituo chenyewe.

Mwaka 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Lamu. Somo hilo linaihusu Mui pia.

Saruji ni shauri jingine. Mawe ya chokaa ya Kitui Kusini yakichomwa, kila kilo 100 za mawe safi hutoa takriban kilo 44 za hewa hiyo, moto uwe wa kuni au wa umeme. Hapo mtambo una hoja.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kupambanua: hewa inayoepukika iepukwe, isiyoepukika inaswe. Mkulima wa Makueni anayeingojea mvua hana muhula wa pili wa kujifunza.