Mpunga wa Kilombero: Mnunuzi atarajie nini Ifakara wakati wa kiangazi

Masika yakishakatika mwezi Mei, bonde la Kilombero hubadilika sura. Maji hupungua mbugani, njia za mashambani hupitika, na kuanzia Juni mpunga humiminika kwenye mashine za kukoboa mjini Ifakara na pembezoni kama Katindiuka. Bei huwa chini msimu huo kwani wakulima wengi huuza kwa pamoja ili kulipa madeni. Wenye mitaji midogo nao hufunga safari.

Usafiri umekuwa rahisi. Kivuko cha MV Kilombero II kilizama Januari 2016. Daraja la Magufuli, lenye meta 384, lilizinduliwa Mei 2018, na mzigo wa Ulanga na Malinyi sasa huvuka bila kungoja foleni ya kivuko.

Fedha hupotelea kwenye unyevu. Mpunga uliovunwa karibuni huweza kuwa na unyevu wa asilimia 20, wakati wa kuhifadhi hautakiwi kuzidi 14. Kilo 100 za mpunga huo zikianikwa vizuri hubaki 93. Tuseme mashine inatoa mchele asilimia 65: badala ya kilo 65 utapata kama 60 na nusu. Kwa magunia 100, mchele wa kilo 450 umelipia maji! Ukikoboa kabla haujakauka, chenga huongezeka na bei ya Dar es Salaam hushuka. Uma punje kwa meno. Iliyokauka hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea. Turubai la kuanikia liingie kwenye hesabu ya safari.

Jambo la pili ni lumbesa. Wapo wanunuzi wanaojisifu kuwa ndiyo faida yao. Sheria inaweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, na Wakala wa Vipimo hukamata. Isitoshe, mkulima aliyepunjwa mwaka huu humtafuta mwingine mwakani. Mizani ni nafuu kwa pande zote.

Uliza pia mbegu. Supa hupendwa kwa harufu yake na huuzwa ghali, Saro huzaa zaidi. Anayekuchanganyia gunia moja anakuuzia bei ya Supa.

Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5, lakini haukufutwa. Pata kiwango halmashauri kabla ya kupakia, na usiondoke bila stakabadhi. Na chandarua usikisahau, mbu wa Ifakara hawaendi likizo kiangazi.