Uhamisho wa Garissa: Ujue Ugonjwa wa Tawi Kabla ya Kuijibu Barua

Fundi au mhandisi wa stima aliyezoea Nakuru, Thika au Nairobi anapopata barua ya kuhamishiwa Garissa, maswali ya nyumbani humjia kwanza. Watoto watasoma wapi? Usalama ukoje? Ni maswali halali, na la usalama nitalifikia. Lakini lipo swali la kitaalamu ambalo wengi hawaliulizi, na ndilo litakaloamua kama miaka yako huko itazaa kitu: tawi hili linapata hasara ya aina gani?

Nimewasikia wakubwa wa mashirika wakilitaja tawi la mbali kwa pumzi moja, kwamba "halifanyi vizuri", kana kwamba hasara zote ni mamoja. Sivyo. Ipo hasara inayotokana na jiografia, ipo ya mafuta, ipo ya nyaya na transfoma, ipo ya bili zisizolipwa, na ipo ya usimamizi mbovu. Mtu anayehamishwa anaweza kuzipunguza baadhi kwa mikono yake. Nyingine hazitatikisika hata akikesha kazini mwaka mzima.

Tuanze na jiografia, maana ndiyo mama wa nyingine nyingi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 2,490,073 katika kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera. Kaunti ya Kiambu peke yake ilikuwa na watu 2,417,735, karibu sawa. Ila Kiambu ina kilomita za mraba zipatazo 2,500, na kaunti hizo tatu zina zaidi ya 120,000. Kwa hiyo nguzo zinazowafikia wateja mia Kiambu, huku zinaweza kupita nyika tupu bila kumfikia mteja hata mmoja. Kila nguzo ina gharama, kila kilomita ya waya hupoteza umeme kidogo kwa joto, na laini ndefu isiyo na njia ya pili ikikatika mahali pamoja, kila aliye mbele ya hapo hukaa gizani hadi gari la mafundi lifike. Ukimlinganisha meneja wa Garissa na mwenzake wa Kiambu kwa kipimo kimoja cha mapato kwa kila kilomita ya laini, umemhukumu kwa ukubwa wa ardhi, jambo ambalo hakulifanya yeye.

Hasara ya pili ni ya mafuta. Kwa miaka mingi mji wa Garissa uliwashwa na jenereta za dizeli, kabla ya laini ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma kupitia Mwingi kuuunganisha na gridi ya taifa. Miji ya mbali zaidi kaskazini, Wajir na Mandera ikiwamo, imeendelea kutegemea vituo vyake yenyewe. Jenereta ya dizeli iliyo katika hali nzuri huzalisha takriban kilowati-saa tatu hadi nne kwa lita moja. Tuchukue dizeli kwa shilingi 170 kwa lita: mafuta peke yake yanakula kati ya shilingi 42 na 57 kwa kila uniti, kabla hujamlipa mtu mshahara, hujabadilisha oili, wala hujagharamia lori lililoyaleta hayo mafuta. Mteja wa kituo hicho hulipa bei ileile anayolipa mteja wa Nakuru, kwa kuwa Kenya ina bei moja ya umeme kwa nchi nzima. Gharama ya mafuta hugawanywa kwenye bili za wateja wote kupitia tozo ya mafuta. Mimi naunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Mama wa Mandera hakuchagua kuzaliwa mbali na mabwawa ya umeme ya Seven Forks. Lakini ni lazima anayehamia huko aelewe kwamba kituo cha aina hii hakikuwekwa kilete faida, na asikubali kupimwa kwa faida.

Penye mafuta ndipo pia fundi stadi anapoweza kuonekana. Jenereta iliyonunuliwa kubwa kuliko mahitaji ya mji huendeshwa kwa robo ya uwezo wake usiku kucha. Katika hali hiyo hula mafuta mengi zaidi kwa kila uniti, na kwa kuwa hayaungui yote, masizi hujaa kwenye mfumo wa moshi na injini huzeeka kabla ya wakati. Tiba yake inajulikana: kupanga zamu za mashine kubwa na ndogo kulingana na saa za mzigo, na kuongeza sola na betri ili dizeli ipumzike mchana. Kazi hiyo haihitaji idhini ya Bunge. Inahitaji daftari la mzigo linalojazwa kila saa, bila saa kurukwa, na mtu anayelisoma.

Kuhusu sola, wengi hushangaa. Mtambo wa sola wa Garissa ulizinduliwa Desemba 2019, ukiwa na uwezo wa takriban megawati 54 na paneli zaidi ya 200,000 kwenye hekta 85. Unamilikiwa na REREC, shirika la serikali la umeme vijijini na nishati jadidifu, na ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mbona basi kuna manyatta jirani zisizo na taa? Sababu ni kwamba mtambo wa ukubwa huo huingiza umeme kwenye laini kubwa za gridi, na kijiji hakiwezi kuchota kutoka huko bila kituo cha kushusha nguvu, laini za usambazaji na transfoma yake. Hiyo ni bajeti nyingine, na mara nyingi ni ya shirika jingine. Tena paneli hupimwa kiwandani kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi moja juu ya hapo hupunguza karibu asilimia 0.4 ya uwezo, hivyo paneli iliyofika nyuzi 60 chini ya jua la adhuhuri imeshapoteza kama asilimia 14. Vumbi nalo lina fungu lake. Mhandisi anayedhani jua kali ni umeme mwingi bila hesabu atakuja kuwaahidi wazee wa mji vitu ambavyo mtambo hautavitoa.

Sasa nije Bura, kwa sababu hapo pana funzo ambalo kila anayepewa uhamisho wa "muda" angepaswa kulijua. Bura ya Garissa, makao ya kaunti ndogo ya Fafi, iko mashariki ya Mto Tana. Ng'ambo, upande wa kaunti ya Tana River, iko Bura nyingine, ile ya skimu ya unyunyiziaji. Skimu hiyo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ikilenga hekta 6,700. Zilizotengenezwa hazikufika nusu. Mpango ulikuwa maji yashuke yenyewe kwa mserereko kutoka mtoni, na kwa kungojea hilo zikafungwa pampu za dizeli kule Nanigi. Pampu za kungojea zikawa ndizo pampu zenyewe. Kwa miongo kadhaa mashamba yalikauka kila zilipoharibika au mafuta yalipokosekana, na wakulima walioletwa kutoka mbali na familia zao wakabaki na vishamba visivyo na maji. Mradi wa kuleta maji kwa mserereko ulikuja kushika kasi katika miaka ya 2010.

Wakulima wa Bura hawakuwa wavivu. Gharama ya nishati ilichangia sana kuwaangusha, na uamuzi wa gharama hiyo ulifanywa na watu wasioishi hapo. Kwa mtu anayehamishwa, maana yake ni hii: uliza ni kipi kati ya vile utakavyokuta kimewekwa "kwa muda", na nani amepewa fedha na tarehe ya kukibadilisha. Ukijibiwa kwamba hakuna tarehe, hesabu kwamba utakiacha kama ulivyokikuta.

Swali hilohilo lihusu barua yako mwenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inataka mahali pa kazi patajwe katika maelezo ya mkataba, na maelezo hayo yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Ni kweli mikataba mingi inampa mwajiri haki ya kukuhamishia popote nchini. Lakini kushauriana ni nafasi yako ya kudai mambo yaandikwe: utakaa muda gani, nani atakupokea zamu baadaye, nyumba ni ya nani, gari lipo au halipo. Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa umeme, KETAWU, amwonyeshe mwakilishi wake barua kabla ya kutia saini.

Posho ya mazingira magumu huwavuta wengi, nami silaumu. Ila fanya hesabu kwa kalamu. Ukiacha familia Thika unalisha nyumba mbili na kulipa nauli. Posho hukoma siku unayoondoka, na kwa kawaida pensheni haihesabiwi juu yake. Usichukue mkopo wa miaka mitano kwa posho ya miaka miwili.

Usalama unahitaji maneno ya wazi na ya heshima. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, kwenye barabara ya kutoka Garissa kwenda Bura na Masalani, na baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Shule zilizobaki bila walimu zilikuwa za watoto wa hapohapo, ambao hawakumdhuru mtu. Kazi ya stima ina hatari yake zaidi kwa sababu fundi hufuata hitilafu ilipo, hata iwe kilomita sitini porini. Kwa hiyo usiridhike na kuambiwa "hali imetulia". Uliza nani huamua kama gari litoke leo, polisi na wazee wa eneo huulizwa saa ngapi, na kama fundi anayekataa safari kwa sababu ya usalama anaadhibiwa. Tawi ambalo fundi anaweza kusema "leo hapana" na asionekane mwasi ni tawi linalosimamiwa vizuri, hata kama vitabu vyake vina wekundu.

Na barabara pia. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 yalikata njia kati ya Madogo, ng'ambo ya Mto Tana, na Garissa, mizigo na abiria wakavushwa kwa boti. Kituo kisicho na akiba ya mafuta na vipuri vya majuma kadhaa wakati wa mvua kinaomba giza.

Jambo ninalolipigania zaidi ya yote ni watu. Ugonjwa mkubwa wa matawi haya ni kwamba ujuzi huja na mgeni na kuondoka naye. Mgeni hukaa mwaka mmoja na nusu, hujifunza tabia za kila mashine, kisha hupata barua nyingine, na anayemrithi huanza sifuri. North Eastern National Polytechnic iko hapohapo Garissa. Wapo vijana wa Fafi, Balambala na Ijara wanaoijua lugha, njia na koo za mahali, na hawataomba uhamisho kwa sababu wako kwao. Mhandisi atakayewachukua wawili, akawafundisha kupima mzigo, kufungua injini na kuzungumza na mteja mwenye deni bila matusi, atakuwa amepunguza hasara ya tawi kuliko transfoma kumi mpya.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama barua inataja muda, kama kuna bajeti ya vipuri unayoidhinisha wewe mwenyewe, na kama utapewa vijana wa hapo wa kuwafundisha, nenda, na uende kwa moyo mkunjufu, maana kazi ya maana ipo huko kuliko mjini. Kama mojawapo halipo, mwandikie mwajiri ulidai kabla hujafunga mizigo. Na kama anachotaka ni mtu wa kubebeshwa lawama ya hasara ya ardhi na dizeli, baki ulipo.