Maji ya Nairobi Yanalindwa Shambani Murang'a

Mvua za masika zinapokolea kaunti ya Murang'a, mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Ni rutuba ya mkulima inayochukuliwa na maji. Huko chini tope hilo huwatia wengine hasara: mitambo inayosafisha maji ya Nairobi hulazimika kutumia dawa zaidi, na bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, huzidi kujaa mchanga badala ya maji ya kuzalisha umeme.

Takriban asilimia 95 ya maji ya Nairobi hutoka bonde la juu la mto Tana, ambamo Murang'a imo. Wenye mashamba huko wengi ni wakulima wadogo wa chai, kahawa na mahindi, na wapo wanaolima hadi ukingoni mwa mto. Kuwaamuru waache ukingo huo bila kuwasaidia ni kuwatwika mzigo wa jiji zima.

Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa kulinda maji ya bonde hilo. Shirika la The Nature Conservancy, Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi na kampuni ya umeme ya KenGen ni miongoni mwa washirika wake, na fedha za umma zimeingia humo kupitia Mfuko wa Mazingira Duniani.

Mkulima hupata miche ya miti, majani ya napia na mafunzo ya kuchimba mitaro na kuinua matuta ya fanya juu. Akichimba kidimbwi cha kuvunia maji ya mvua, husaidiwa kupata plastiki ya kukitandika. Napia hushika udongo na kulisha ng'ombe. Kidimbwi hunyweshea mboga wakati wa kiangazi, mto ukabaki na maji yake. Mradi umekubalika kwa sababu kinachookoa mto kinamnufaisha pia mwenye shamba.

Jiji la New York lilitangulia kwa mpango kama huo. Kwa mkataba wa 1997, jiji hilo hugharimia wakulima wa milima ya Catskill kuzuia samadi isiingie vijitoni, na limeepuka kujenga mtambo ghali wa kuchuja maji ya huko.

Murang'a bado inahitaji fedha za matunzo. Mtaro usiofukuliwa hujaa udongo, na plastiki ya kidimbwi hutoboka. Ruzuku ya mara moja haitoshi: bajeti za kaunti na ankara za maji za Nairobi zitenge fungu la kila mwaka kwa mashamba hayo, kama zinavyogharimia mabomba.