Mbele ya kununua ampli kubwa, tufanye hesabu kwanza

Wandugu, kila mara mmoja wetu anapata mshahara wa kwanza, ulizo moja linanifikia: "Kaka, ampli yangu iko ya wati 50. Nikinunua ya wati 100, muziki utapanda mara mbili?" Kwa kuwa nilisoma elektroniki, watu wananiulizaga hivi hata kwenye matanga. Jibu langu ni fupi: hapana. Lakini hapana bila maelezo haisaidii mtu. Tena pesa ya ampli nzuri, kwa wengi wetu, inalingana na garanti ya nyumba. Njo maana ninaandika.

Tuanze na sikio. Sikio halihesabu kama mashine. Sauti tunaipima kwa desibeli, na ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Hiyo tofauti inasikika, lakini ni ndogo. Ili sikio liseme "sasa imepanda mara mbili", inaomba karibu desibeli 10, ni kusema wati mara kumi. Kutoka 50 haungehitaji 100, ungehitaji 500.

Nichukue mfano wa mdogo wangu mmoja. Salon yake iko na metre 4 kwa 4, anakaa karibu metre 3 mbele ya bafle mbili. Nyuma ya bafle imeandikwa "87 dB / 1 W / 1 m". Maana yake: ukiipatia wati 1, mtu aliyesimama metre 1 mbele yake anapata desibeli 87. Ukirudi nyuma mpaka metre 3, sauti inashuka. Lakini bafle ni mbili, na kuta nazo zinarudisha kidogo. Kwa wati 1 tu kila upande, pale anapokaa anapata desibeli kama 80. Watu wakizungumza kawaida ni karibu 60. Kwa wati 50 anafika karibu 97. Kwa wati 100, karibu 100. OMS inasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila desibeli inayoongezeka inapunguza hizo saa. Sasa munaona: huyu kijana anatumia wati 1 au 2 siku nyingi. Zile zingine zinangoja tu pale ngoma inapigwa kwa nguvu, nusu sekonde, halafu basi.

Kumbe ile namba ya 87 iko na uzito kuliko wati. Akipata bafle za desibeli 93, atakuwa ameongeza desibeli 6, na hiyo ni sawa na kuzidisha wati mara nne. Ampli yake ileile ya 50 itamsikilizisha kama ya 200 kwenye bafle za zamani. Mbele ya kubadilisha ampli, geuza bafle na usome.

Sasa tuingie sokoni. Utaona kartoni imeandikwa "5000 W PMPO". Hiyo PMPO haina kanuni yoyote. Kila mtu anaandika namba anayopenda. Tafuta wati za RMS, na uone ni kwa omu ngapi, na kwa njia moja ao zote mbili. Kisha geuza ampli nyuma na usome umeme inaokula. Kama imeandikwa inakula wati 60, itatoa wapi 5000? Ampli haizalishi nguvu, inachukua ya ukutani na kuitengeneza tu. Ampli ya kweli inaweza kuandikwa matumizi yaliyo chini kidogo ya nguvu yake ya mwisho, kwa sababu matumizi mara nyingi yanapimwa muziki ukiwa wa kawaida. Lakini 60 na 5000? Hapo ni uongo.

Omu nazo tusizicheze. Bafle ya omu 4 inavuta umeme mara mbili kuliko ya omu 8 kwa volti zilezile. Kama nyuma ya ampli imeandikwa "omu 8 mpaka 16" na wewe unaunga bafle za omu 4, itawaka moto, itajizima, na siku moja haitawaka tena. Kuunga bafle mbili za omu 8 kwenye tundu moja, sambamba, ni vilevile: inageuka omu 4.

Wengine wananiambia: "Lakini ile ya rafiki yangu, ukifika robo ya kitufe, nyumba inatetemeka!" Kitufe hakipimi nguvu. Kuna ampli inayomaliza nguvu yake yote kwenye nusu ya kitufe. Kinachobaki ni kelele. Ampli ikifika mwisho wake, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na hayo mawimbi yaliyokatwa yanapeleka moto mwingi kwa spika ndogo ya sauti za juu. Njo maana ampli ndogo iliyosukumwa mpaka mwisho inaweza kuunguza bafle kubwa. Ukisikia sauti inakwaruza, shusha.

Basi ni wakati gani kubadilisha ampli kuna maana? Mimi naona sababu nne. Moja: sauti inakwaruza kwenye kiwango unachosikilizaga kila siku. Mbili: bafle zako ni za omu 4 na ampli haiziwezi. Tatu: inavuma hata muziki ukizimwa, ao upande mmoja unapotea na fundi ameshindwa. Nne: umeme wenyewe.

Hiyo ya nne ni yetu kabisa. Kwa delestaji, wengi tunasikiliza kwa betri. Betri ya volti 12 na Ah 100 inabeba kama Wh 1200, na kama ni ya risasi haifai kutumia zaidi ya nusu: 600. Ampli ya aina ya zamani, daraja AB, inaweza kula wati 50 hata muziki uko chini, kwa sababu sehemu kubwa inageuka joto. Saa 5 ni Wh 250, karibu nusu ya akiba yako, na bado taa na simu. Ampli ya daraja D inapeleka mpaka karibu asilimia 90 ya umeme kwa bafle, na ikipumzika inakula kidogo sana. Kwa mtu wa betri, hiyo inashinda wati zote za kartoni.

Kwa ampli ya okazioni, soma volti kwanza. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Sisi tuko na 220. Ukiichomeka bila transfo, umeiua. Kisha beba multimetri: washa ampli bila bafle, ngoja dakika chache, pima volti za DC pale bafle inaungwa. Chini ya milivolti 50, sawa. Ikipita 100, kuna shida ndani. Mwishoni, zungusha vitufe vyote pole pole. Vikikwaruza ni vumbi, hapo unapunguziwa bei.

Ukijaribu sauti, usikubali wimbo wa muuzaji wenye besi nyingi tu. Beba "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, ile Hugh Tracey alirekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo. Ni gitaa moja, kidole gumba kinatembeza besi na kidole cha pili kinaimba juu. Kama unasikia hizo sauti mbili zimeachana vizuri, hiyo mashine inafaa.

Kwa ufupi, pesa yako ipange hivi: kwanza sogeza bafle mbali kidogo na ukuta na kona, hiyo ni bure. Pili, stabilizateri nzuri, kwa sababu volti zikipanda na kushuka hakuna ampli itakayopona. Tatu, bafle zenye desibeli nyingi. Ampli ije ya nne. Wengi wakifika hapo wanaona ile ya wati 50 inatosha, na garanti ya nyumba inabaki mfukoni.