Rashasha nyepesi, mzigo mzito

Kwa zaidi ya miaka mia moja mafundi wa silaha wamekuwa wakitafuta jawabu la swali moja: vipi askari wa miguu atabeba bunduki ya rashasha pamoja na risasi zake bila ya kuishiwa nguvu kabla ya kufika vitani? Jeshi la Marekani lilianzisha mradi maalumu wa suala hilo mwaka 2004. Matokeo yake yanaonyesha kwamba uzito ukiondolewa upande mmoja, huweza kurejea kwa upande mwingine.

Afrika Mashariki inalijua suala hili kwa machungu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, rashasha ya Maxim ya jeshi la Wajerumani ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 50 pamoja na kiguzo chake. Silaha, masanduku ya risasi na vyakula vya majeshi ya pande zote mbili vilipita porini juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, na makumi ya maelfu miongoni mwao walikufa kwa maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps.

Mzigo umo katika risasi

Rashasha ya M249, ambayo jeshi la Marekani limeitumia tangu miaka ya 1980, ina uzito wa zaidi ya kilo 7. Lakini risasi 600 ambazo mpigaji wake hutakiwa kubeba zina uzito wa kilo 9 na ushei. Kwa hivyo kupunguza uzito wa bunduki peke yake ni kufanya nusu ya kazi.

Karibu nusu ya uzito wa risasi hiyo ni ganda lake la shaba. Wahandisi waliona kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujaribu kuliondoa ganda kabisa katika bunduki ya G11, ambayo baruti yake iligandishwa kama tofali dogo likizunguka kichwa cha risasi. Tatizo ni kwamba ganda lina kazi zake: huikinga baruti, huziba hewa ya moto isivuje nyuma, na linaporuka nje huondoka na sehemu ya joto. Bila ya ganda, bunduki iliyopata moto huweza kuiwasha risasi yenyewe, bila ya mtu kuvuta kitufe. Baruti yenye kustahimili joto zaidi ilipatikana, lakini mradi huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kumalizika kwa Vita Baridi.

Wamarekani walizifanyia kazi njia mbili, ile ya kutokuwa na ganda na nyingine ya ganda la plastiki. Hii ya pili ndiyo iliyosonga mbele. Kichwa cha risasi kilizamishwa ndani ya baruti, na vyote viwili vikafunikwa kwa ganda la plastiki lenye umbo la bomba fupi. Rashasha iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi hiyo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 4 na nusu, na mwaka 2011 askari waliijaribu katika kambi ya Fort Benning, jimboni Georgia.

Mahitaji yabadilika

Hata hivyo, vita vya Afghanistan vilikuwa vimezusha hoja nyingine. Mapigano milimani mara nyingi yalikuwa ya masafa marefu, na mwaka 2017 mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Mark Milley, aliliambia Baraza la Seneti kwamba risasi ya milimita 5.56 haikuweza kupenya aina mpya za deraya. Jeshi likataka risasi ya milimita 6.8, yenye nguvu zaidi.

Makampuni matatu yaliingia katika duru ya mwisho ya mashindano, mawili kati yao yakiwa na risasi za ganda la plastiki. Mwezi Aprili 2022 ilishinda kampuni ya tatu, SIG Sauer, ambayo ganda la risasi yake ni la shaba lenye kitako cha chuma cha pua.

Rashasha yake, M250, ni nyepesi kuliko M249: takriban kilo 6 bila ya kizuia sauti. Lakini mpigaji wake amepangiwa risasi 400 badala ya 600, na risasi hizo 400 zina uzito wa kilo 12 na ushei. Bunduki imepungua, mzigo umeongezeka, na risasi 200 zimebaki kambini.

Watetezi wa silaha hiyo husema kwamba risasi chache zinazofika na kupenya ni bora kuliko nyingi zisizofika. Wapinzani hujibu kwamba kazi kubwa ya rashasha ni kumlazimisha adui ainamishe kichwa wakati wenzako wanasogea, na kazi hiyo huhitaji wingi wa risasi.

Ganda la plastiki halijatupwa. Mwaka 2020 kikosi cha Marine cha Marekani kilitoa mkataba wa kutengenezewa risasi za milimita 12.7 za aina hiyo, kwa ajili ya rashasha nzito. Lakini kwa askari wa miguu, kila gramu iliyookolewa na mafundi imekwisha kutafutiwa matumizi mengine na wakubwa wake, naye ndiye anayepanda nayo mlima.