Kukakamaa kwa misuli ya farasi wa masafa marefu

Farasi ni wachache katika jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, kwa kuwa nagana, maradhi yanayoenezwa na mbung'o, imewazuia tangu zamani kustawi katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati. Hata hivyo, barabara ya kilomita 120 hivi itokayo Lubumbashi hadi Likasi inatosha kuwa kipimo cha kazi yao, kwani huo ndio umbali ambao farasi wa daraja la kati katika mashindano ya kimataifa ya masafa marefu huumaliza kwa siku moja, huku wa daraja la juu wakifikia kilomita 160.

Katika kazi nzito kiasi hicho hutokea rabdomiolisisi, yaani kubomoka kwa seli za misuli, ambapo misuli ya kiuno na matako hukaza ikawa migumu, hatua hufupika, na mkojo huweza kuwa na rangi ya kahawa, kwa sababu mioglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli, huvuja ikaingia katika damu na kuzidhuru figo. Zamani huko Ulaya hali hii iliitwa ugonjwa wa Jumatatu asubuhi, kwani farasi wa kukokota aliyepumzika Jumapili huku akilishwa nafaka ile ile ya siku za kazi alishikwa mara tu aliporudishwa kazini.

Kinga, basi, huanzia kwenye hori, na huruma ya mwenye farasi, anayemjazia nafaka hata siku ya mapumziko, ndiyo mara nyingi inayomponza mnyama. Mahali kama Likasi, ambako mahindi na pumba zake ndicho chakula kilicho karibu, inafaa wanga upunguzwe kwa nusu au zaidi siku ya mapumziko, nyasi ziwe msingi wa mlo, na nguvu inayokosekana itokane na mafuta ya mimea yanayozoeshwa polepole. Tena farasi asifungiwe bandani kutwa, bali atolewe kila siku.

Jasho nalo lina hesabu yake, kwa maana farasi anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa penye joto, kama lile la Oktoba kabla ya mvua, na jasho hilo hubeba sodiamu, kloraidi na potasiamu, madini ambayo misuli huyahitaji ili ikaze na kulegea. Chumvi hutolewa pamoja na maji ya kutosha. Kumpa farasi mwenye kiu chumvi bila maji ni kumzidishia madhara.

Wako pia farasi wanaorithi udhaifu wa misuli: mwaka 2008 watafiti walitambua badiliko la jeni la GYS1, linaloifanya misuli ilimbikize sukari, hasa katika farasi wa kukokota na wa aina ya Quarter Horse, ilhali baadhi ya farasi wa Kiarabu, wanaotawala mashindano ya masafa marefu, huwa na kasoro nyingine, ya mpangilio wa nyuzi za misuli.

Farasi akishashikwa, asilazimishwe kutembea, na dawa za maumivu zisitolewe kabla maji ya mwili hayajarudishwa, kwani huziongezea figo mzigo. Damu hupimwa saa 4 hadi 6 baadaye, kimeng'enya cha misuli kinapofikia kilele, na mazoezi huanza tena kidogo kidogo kipimo hicho kikisharudi katika hali ya kawaida.